Mawe ya Fumba na ahadi ya Nuhu



Ukifika Fumba, tazama mwamba unaoukanyaga. Ni matumbawe. Yaliota chini ya maji, na leo tunajenga nyumba juu yake. Basi bahari iliwahi kusimama juu ya hapa.

Iliwahi pia kurudi nyuma. Upande wa pili wa Unguja, katika pango la Kuumbi kule Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya pundamilia na nyati. Wanyama hao hawakuogelea. Miaka 20,000 hivi iliyopita, zama za barafu, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na Unguja ilikuwa imeungana na bara.

Ndugu mmoja kanisani aliniambia hesabu hizi ni za kipagani. Tena, alisema, Mungu alikwisha kumwahidi Nuhu, kwa hiyo habari za bahari kupanda zisitusumbue.

Sikubaliani naye. Nuhu aliahidiwa kwamba gharika haitaiangamiza tena dunia. Hakuahidiwa kwamba kisima cha mtu wa pwani hakitaingia chumvi. Na safari hii barafu inayeyuka kwa moshi wetu wenyewe. Anayekata mikoko huku akimtaja Nuhu, anieleze nini kitavunja nguvu ya wimbi.

Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni Yordani, ili watoto wakiuliza wasimuliwe. Leo ukitoka ibadani, wapeleke wako ufukweni. Waoneshe gamba la kombe lililonasa mwambani. Wakiuliza limefikaje huko juu, usiwanyamazishe.