Jina Lako Limeandikwa Wapi?



Mwezi huu tuzungumze juu ya fedha. Si fedha za mazao, wala si za ada ya shule. Ni fedha ambazo serikali za nchi mbalimbali ziliwapa watu wao wakati wa ugonjwa wa Korona. Nataka tuangalie jinsi fedha hizo zilivyomfikia mtu mmoja, na kwa nini zilimpita jirani yake.

Unaukumbuka mwaka 2020. Ugonjwa ulienea duniani kote. Nchi nyingi zilifunga masoko, mahoteli, viwanda na shule. Watu waliambiwa wakae nyumbani. Ni rahisi kusema kaa nyumbani. Lakini fundi cherehani anakula leo kwa kazi ya leo. Akikaa nyumbani siku tatu, watoto wake watakula nini? Na mwenye kiwanda akifunga mlango, atawalipa nini wafanyakazi wake? Serikali nyingi ziliona kwamba mtu mwenye njaa hawezi kutii amri ya kukaa ndani. Zikaamua kutoa fedha.

Tuanze mbali, Uingereza. Tarehe 20 Machi 2020, serikali ya huko iliwaambia waajiri: msiwafukuze wafanyakazi wenu. Waacheni wakae nyumbani, na serikali italipa sehemu kubwa ya mshahara wao. Sehemu hiyo ilikuwa 80 kwa kila 100. Maana yake, mfanyakazi aliyekuwa akipata pauni 1,000 kwa mwezi, serikali ilimlipia pauni 800. Kiwango cha juu kilikuwa pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango huo ulikwisha tarehe 30 Septemba 2021. Ulisaidia kazi milioni 11.7, na uligharimu pauni bilioni 70 hivi.

Sasa jiulize. Serikali ilimjuaje mfanyakazi mmoja mmoja? Haikwenda nyumba kwa nyumba. Ilifungua orodha. Kila mwajiri wa Uingereza hupeleka majina na mishahara ya wafanyakazi wake kwa ofisi ya kodi. Aliyekuwa katika orodha alilipiwa. Asiyekuwamo hakulipiwa.

Hapo ndipo wengine walipoumia. Mwanzoni serikali ilisema itawatambua wale tu walioandikwa hadi tarehe 28 Februari 2020. Fikiria mtu aliyeacha kazi ya zamani mwisho wa Februari, akaanza kazi mpya tarehe 2 Machi. Ni mfanyakazi wa kweli. Anaamka alfajiri kama wenzake. Lakini katika orodha ya mwajiri mpya, jina lake halimo. Watu walilalamika sana. Serikali ikasogeza tarehe mpaka 19 Machi. Hata hivyo wengine walibaki nje, kwa sababu mwajiri wao mpya alikuwa bado hajapeleka orodha ya mwezi ule. Karatasi ilichelewa siku chache tu, na mtu akakosa mshahara wa miezi.

Waliojiajiri wenyewe, kama mafundi bomba na madereva wa teksi, waliwekewa mpango wao. Serikali iliangalia hesabu za faida walizopeleka kwa ofisi ya kodi miaka ya nyuma. Ikawapa 80 kwa kila 100 ya faida hiyo. Lakini aliyeanza kazi yake katikati ya mwaka 2019 alikuwa hana hesabu ya nyuma. Alisubiri mpaka mwaka 2021 ndipo hesabu zake zikakubaliwa.

Nisikufiche jambo moja. Karatasi inaweza pia kusema uongo. Uingereza ilitoa mikopo kwa wenye biashara ndogo, kuanzia pauni 2,000 hadi pauni 50,000. Mtu aliruhusiwa kukopa robo ya mauzo yake ya mwaka. Aliyeuza kwa pauni 40,000 angeweza kukopa pauni 10,000. Mauzo hayo aliyataja mwenyewe, na benki haikukagua sana, kwa kuwa watu walitaka fedha haraka. Benki nazo hazikuwa na hofu, maana serikali iliahidi kulipa deni lote mkopaji akishindwa. Basi wajanja wakaandika mauzo ambayo hawajapata kuyaona maishani. Wengine waliandikisha makampuni yasiyofanya biashara yoyote. Serikali ilipoteza fedha nyingi sana kwa njia hiyo. Wezi wa namna hii hawahitaji kuvunja mlango. Wana kalamu tu.

Turudi Afrika. Tarehe 25 Machi 2020, serikali ya Kenya ilitangaza nafuu ya kodi. Mfanyakazi mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 za Kenya kwa mwezi aliondolewa kodi ya mshahara. Mwenye biashara ndogo aliyekuwa akilipa kodi ya shilingi 3 kwa kila shilingi 100 za mauzo alipunguziwa ikawa shilingi 1. Aliyeuza kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, badala ya kulipa 3,000 alilipa 1,000. Hiyo ni nafuu nzuri. Lakini nafuu ya kodi humfaa mlipa kodi. Mama anayepanga nyanya mafungu mafungu kando ya barabara hakuwa katika daftari la kodi. Yeye hapunguziwi kitu ambacho halipi. Kwa ajili ya watu wengine, Kenya iliongeza fedha za wazee na yatima. Na vijana wa mitaa ya mabanda walipewa kazi ya kufagia na kuzibua mifereji. Katika awamu ya pili ya kazi hiyo walilipwa shilingi 455 kwa siku.

Basi tatizo umeliona, ndugu msomaji. Katika nchi zetu, watu walio wengi hawana mwajiri wa kuwaandika. Hawamo katika orodha ya mishahara wala katika daftari la kodi. Je, serikali itawapata wapi?

Nchi ndogo ya Togo ilijaribu kujibu swali hilo. Togo iko Afrika Magharibi, kati ya Ghana na Benin. Mji wake mkuu ni Lomé. Mwezi Aprili 2020 serikali ya Togo ilitangaza hali ya hatari, na watu wa Lomé wakazuiwa kutoka usiku. Washonaji, wasusi, waendesha pikipiki na wachuuzi wa sokoni walipungukiwa na kazi ghafla. Tarehe 8 Aprili serikali ikaanzisha mpango ulioitwa Novissi. Neno hilo ni la lugha ya Kiewe, na maana yake ni mshikamano.

Togo haikuwa na orodha ya watu maskini. Lakini ilikuwa na orodha nyingine. Mwezi Februari mwaka huo kulikuwa na uchaguzi wa rais. Kabla ya uchaguzi, daftari la wapiga kura lilikuwa limeandikwa upya. Na katika daftari hilo, kila mtu alikuwa ametaja jina lake, mahali anapoishi na kazi anayofanya. Daftari liliandikwa kwa ajili ya kura. Sasa likatumika kwa ajili ya chakula.

Tuseme wewe ni msusi wa Lomé. Unachukua simu yako. Si lazima iwe simu ya gharama. Hata ile ndogo ya vibonyezo inatosha. Unabonyeza nyota, 855, kisha alama ya reli. Unaulizwa namba ya kadi yako ya kupigia kura. Mitambo inalitafuta jina lako. Inaona kwamba unaishi Lomé na kazi yako ni ususi. Baada ya dakika chache fedha zinaingia katika simu. Hupangi foleni. Humwombi mjumbe wala karani. Hakuna wa kukuambia njoo kesho.

Mwanamke alipewa faranga 12,250 kwa mwezi, na mwanamume faranga 10,500. Fedha zilikuja kwa mafungu mawili, kila wiki mbili. Je, hizo ni nyingi? Wakati ule mshahara wa chini kabisa wa Togo ulikuwa faranga 35,000 kwa mwezi. Basi mwanamume alipata 30 kwa kila 100 ya mshahara huo, na mwanamke 35 kwa kila 100. Hazitoshi kujenga nyumba. Zinatosha kununua unga na mafuta ya kula. Wanawake waliongezewa kwa sababu wao ndio wengi katika biashara ndogo ndogo, na wao ndio hupika. Mimi naona hapo serikali ya Togo ilifikiri vizuri.

Lakini hata huko wapo waliokosa. Asiyejiandikisha kupiga kura hakuwa na namba ya kubonyeza. Aliyetaja kazi fulani wakati wa kuandikishwa, kisha akabadilisha kazi, mitambo ilimtambua kwa kazi ile ya zamani. Na asiye na simu alisikia habari za Novissi kwa jirani tu.

Baadaye mwaka huo huo, Togo ilitaka kuwasaidia pia watu maskini wa vijijini. Kujua jina na kazi hakukutosha tena. Ilitakiwa kujua nani ni maskini zaidi. Wataalamu walitumia picha zilizopigwa na setilaiti, yaani mitambo inayozunguka juu angani. Waliangalia mapaa ya nyumba, barabara na mashamba, wakachagua kata 100 zilizo maskini kuliko nyingine. Kisha wakaangalia jinsi watu wa kata hizo wanavyotumia simu. Mwenye fedha hupiga simu kwa namna moja, na asiye na fedha kwa namna nyingine. Mitambo ikakisia nani ana dhiki zaidi, na hao wakatumiwa fedha.

Ni jambo la kustaajabisha, sivyo? Mtambo ulio angani unatazama paa lako la nyasi na kukata shauri. Lakini sikiliza wataalamu wale wale walivyosema katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2022. Walisema njia ya simu na setilaiti iliwakosa maskini wachache kuliko kama fedha zingegawiwa kwa kufuata eneo au aina ya kazi peke yake. Lakini walisema pia kwamba kama Togo ingekuwa na daftari kamili la kaya zote, lenye habari za hali zao, daftari hilo lingewakosa watu wachache zaidi kuliko mitambo. Togo haikuwa nalo. Daftari la namna hiyo haliandikwi siku ugonjwa unapoingia. Huandikwa kabla, mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba.

Sisi Tanzania kazi ya namna hiyo tunaifahamu. Majina ya kaya maskini za TASAF hutajwa mbele ya mkutano wa kijiji, na wanakijiji huulizwa kama ni kweli. Hapo hakuna setilaiti. Kuna wewe na jirani zako, mnaojua nani analala njaa. Sasa kama siku hiyo wewe umebaki kilabuni, na bibi mjane wa jirani yako hana wa kumsemea, jina lake litaandikwa na nani? Na kama limeandikwa jina la mwenye ng'ombe 20, nani atanyoosha mkono aseme hapana?

Liko pia daftari lako mwenyewe. Tuseme unauza vitumbua. Nunua daftari la shule, la kurasa 40. Jioni, kabla ya kulala, andika tarehe. Chini yake andika kilichoingia: vitumbua 90 kwa shilingi 200, jumla 18,000. Kisha andika kilichotoka: mchele 5,000, nazi 1,500, sukari 1,500, mafuta 3,000, kuni 1,500. Jumla 12,500. Toa, inabaki 5,500. Kazi hiyo haichukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Siku uliyokuwa mgonjwa usiuze, andika pia: leo sikuuza. Usiongeze wala usipunguze. Ukiandika mauzo makubwa ili kujisifu, siku ya kodi utajuta. Ukiandika madogo ili kuficha, siku ya kuomba mkopo utajuta vile vile.

Tena angalia vyeti vyako usiku huu. Kitambulisho chako kina jina gani? Na kadi ya kupigia kura? Wengi wetu tuna Mwanaisha hapa na Mwana Isha pale, Yohana huku na John kule. Wewe unajua kwamba ni mtu mmoja. Mitambo haijui. Ukiona majina yanatofautiana, nenda ukaulize kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji hatua za kufuata ili yarekebishwe. Na namba ya simu iandikishwe kwa jina lako mwenyewe, si kwa jina la shemeji aliyehamia mjini. Fedha zikitumwa, zitamfuata yeye.

Kama mama yako au baba yako hajui kusoma, kaa naye, umsomee kilichoandikwa katika vyeti vyake, herufi kwa herufi. Huenda ikawa ni mara yake ya kwanza kusikia jinsi jina lake lilivyoandikwa.