Nani Ana Ufunguo wa Rejista ya Watoto Wetu?

Katika mikutano ya matawi siku hizi limezuka neno ambalo hupigiwa makofi sana, nalo ni kwamba maadui wa nchi za nje wanaingia katika kompyuta zetu na kuiba mali yetu. Nasi twapiga makofi, maana neno lenyewe ni kweli. Lakini makofi hayafungi mlango. Leo twataka kusema juu ya mlango mmoja ambao wananchi wengi hawaufikirii, nao ni mlango wa shule, na twataka kuuliza swali moja: ufunguo wake uko kwa nani?

Sisi tuliopita chuo cha ualimu twakumbuka jinsi wakufunzi walivyokuwa wakali juu ya rejista. Huandikwa kwa wino, haifutwifutwi, haiachwi ovyo mezani, na kazi ikiisha hurudi kabatini kwa mwalimu mkuu na kufungwa kwa kufuli. Wakati ule tuliona ni ukali wa bure. Leo twafahamu ya kuwa walikuwa wakitufundisha heshima ya jina la mtoto.

Siku hizi rejista imetoka kabatini. Imo katika kompyuta, katika simu, na katika flashi iliyo mfukoni mwa mwalimu. Tena imenenepa. Ndani yake mna jina la mtoto, siku aliyozaliwa, namba yake ya PREM inayomfuata shule hata shule, simu ya mzazi, maradhi yake, na adhabu alizopata. Hayo si mambo madogo. Neno la siri likiibiwa hubadilishwa siku ileile, lakini siku ya kuzaliwa haibadilishwi, wala jina la mama halibadilishwi.

Kwamba wezi wa ng'ambo wapo, hilo halina ubishi. Mwezi wa Septemba, 2022, genge liitwalo Vice Society, ambalo wachunguzi wengi waliamini kuwa ni la watu wasemao Kirusi, liliingia katika kompyuta za shule za mji wa Los Angeles, Marekani. Wakuu wa shule wakakataa kulipa fedha walizodaiwa. Mwezi uliofuata genge likamwaga habari hadharani, na baadaye ikathibitishwa kuwa humo mlikuwa na kumbukumbu za uchunguzi wa akili na mwenendo wa wanafunzi wapatao 2,000. Mambo ambayo mtoto alimwambia mtaalamu faraghani yakawa ya kusomwa na dunia nzima.

Lakini sikilizeni na kisa cha pili, maana hiki ndicho chenye fundisho kwetu. Kampuni ya Marekani iitwayo PowerSchool hutunza kumbukumbu za shule nyingi mno, za Marekani na za Canada pia. Mwezi wa Desemba, 2024, mwizi aliingia humo akazoa. Waendesha mashtaka wa Marekani walitaja wanafunzi zaidi ya milioni 60 na walimu milioni 10. Katika shule za Toronto peke yake, baadhi ya kumbukumbu zilizochukuliwa zilianzia mwaka 1985. Watu wazima wenye wajukuu waliibiwa habari za utoto wao, kwa sababu hakuna aliyezifuta.

Mwizi huyo aliingiaje? Hakuvunja ukuta. Alitumia neno la siri la mtu aliyeruhusiwa kuingia, na mlango ule haukumdai ushahidi wa pili. Tena hakuwa jasusi wa dola kubwa. Alikuwa kijana wa chuo katika jimbo la Massachusetts, mwenye miaka 19 alipokiri kosa lake mwaka 2025, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Kampuni ilikwisha mlipa fedha ili azifute habari zile, ikaonyeshwa na video ya kufutwa kwake. Hata hivyo, Mei 2025 vitisho vikaanza upya, safari hii vikiletwa kwa shule zenyewe.

Kwa watu wa Toronto, basi, mwizi alikuwa mgeni, na daftari lao lilikuwa katika kabati la mgeni vilevile. Kwa Wamarekani alikuwa kijana wao wenyewe. Neno hili latupasa kulishika: mwizi aweza kutoka popote, lakini mlango huwa wazi nyumbani.

Sasa tutazame kwetu. Mwalimu hana kompyuta shuleni, basi hupeleka orodha ya darasa steshenari ya mjini ili ichapwe. Kazi ikiisha yeye huondoka na karatasi zake, na orodha hubaki katika kompyuta ya watu, kila mteja aweza kuisoma. Kwingine neno la siri la shule ni moja, walimu wote wanalijua, na aliyehamishwa mwaka juzi angali analo. Kwingine matokeo ya mtihani, majina kwa alama, hutupwa katika kundi la WhatsApp lenye wazazi mia mbili, na yakisharushwa huko hakuna awezaye kuyarudisha.

Ndugu zetu watasema: "Mwizi wa Ulaya atafanya nini na jina la mtoto wa Kibondo au Newala?" Twawajibu. Kila mwenye simu katika nchi hii amekwisha pata ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii." Wengi huucheka na kuufuta. Lakini tapeli akipiga simu na kusema, "Mama, mwanao wa darasa la tano mkondo B ameanguka, tuma fedha za hospitali," akataja jina la mtoto, la shule na la mwalimu wake, ni mama gani atakayecheka? Atatuma kwanza, atauliza baadaye.

Tena yako mabaya kuliko kupoteza fedha. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Msichana kama huyo akihamia shule mpya huja na matumaini yake mapya, na sababu ya kuondoka kwake pale mwanzo ni siri ya ofisi. Karatasi moja ikivuja, kijiji kizima kitamsimanga, naye ataondoka mara ya pili, na safari hii hatarudi.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za watoto imeziweka katika kundi la taarifa nyeti. Tume ya kuisimamia ipo pia. Jirani zetu wa Kenya wanayo ya kwao tangu 2019, na Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini sheria isiyojulikana na wenye haki ni karatasi tu.

Kwa hiyo twasema yatupasa mambo manne. Kwanza, shule isiandike jambo la mtoto isilolihitaji, maana kisichoandikwa hakiibiwi. Pili, kila mwalimu awe na neno lake la siri, na anayehama afungiwe siku ileile anayoondoka. Tatu, matokeo na habari za mtoto apewe mzazi wake, si kundi zima. Nne, kampuni yoyote iletayo programu shuleni, ya kigeni au ya hapa nyumbani, hata kama ni ya bure, ijibu kwanza mbele ya kamati ya shule, kwa maandishi: habari za watoto zitakaa nchi gani, nani atazisoma, na zitafutwa lini.

Wala tusimtwike mwalimu lawama zote. Mwalimu aendaye steshenari kwa fedha yake mwenyewe si adui wa mtu, bali ni mtu aliyeachwa peke yake. Viongozi wanaopigiwa makofi kwa kuwataja maadui wa nje, sisi tutawauliza katika vikao vyetu: ni shule ngapi za kata yako zilizo na kompyuta moja ya ofisi, yenye kufuli na mtu aliyefundishwa kuitunza? Asiye na jibu asituhubirie habari za majasusi.

Ndugu mwanachama, wiki hii nenda shule anayosoma mwanao. Salimu kwa heshima, keti, kisha uliza nani ana ufunguo wa rejista. Ukijibiwa kwamba hakuna ajuaye, usigombe na mwalimu mkuu. Lichukue jibu hilo ulilete mkutanoni, tukalifanyie kazi.