Hesabu Isiyo na Mwisho

Natoa maoni juu ya jambo linalowatisha wengi wetu tusomao hesabu za ziada: kutafuta eneo chini ya mstari wa saini, hasa mstari huo unapoendelea bila mwisho.

Wengi hukariri kanuni tu. Waulize intigrali ya saini x, watakujibu upesi, "Ni kosaini x yenye alama ya kutoa." Ni kweli. Waulize maana yake, ulimi hukwama.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Intigrali ndiyo hiyo: twakata eneo vipande vyembamba, kisha twavijumlisha. Tukipima pembe kwa radiani, tao la kwanza la saini, toka 0 mpaka pai, lina eneo la 2 kamili. Tao la pili liko chini ya mstari wa mlalo, nalo laiondoa 2 ile ile. Tukifika N, jumla ni 1 kutoa kosaini N, nayo hupanda na kushuka kati ya 0 na 2 daima. Kibaba chajazwa, chamwagwa. Basi hakuna kikomo.

Sasa tazama 1 kugawanya kwa x mara x, kuanzia 1. Mpaka N, eneo ni 1 kutoa 1/N. N ikikua, 1/N hufifia, na eneo hukaribia 1 wala haliipiti, ingawa mstari hauishi. Lakini 1/x, inayofanana nayo kwa macho, hufurika kila kibaba.

Kwa hiyo "bila mwisho" si tarakimu ya kuandikwa mahali pa x. Andika N kwanza, tafuta jumla, ndipo uitazame N ikikua.

Wapo wasemao saini haitatufaa maishani. Mbona umeme uwashao taa za bweni hupanda na kushuka kwa umbo hilo hilo, mara 50 kila sekunde?

Nawaomba walimu wetu watutake tuchore mstari kabla ya kuandika kanuni, na watoe alama kwa sababu, si kwa jibu tu. Nasi wanafunzi, saa za kujisomea usiku tuulizane "kwa nini?" badala ya kunakili daftari la mwenzetu. Mwenye maoni mengine na aandike muhula ujao.