Fimbo mpya ya gofu: mita kumi za Mbarara si faida

Kila kahawa ikishauzwa, wenye mitaji midogo wa Karagwe na Kyerwa huletewa biashara mpya ya kuwatajirisha haraka. Safari hii imekuja ya gofu. Mfanyabiashara mmoja wa Omurushaka, mnunuzi wa maharage na ndizi ambaye pia ana shamba la kahawa, ameshauriwa na rafiki yake wa upande wa pili wa Mto Kagera alete fimbo 20 za toleo jipya, aziuze kwa wachezaji wa Mbarara na Kigali. Fedha zake hazitoshi. Upungufu alitaka kuuziba kwa butura, yaani kuuza kahawa ya msimu ujao ikiwa bado mtini, kwa bei ya mnunuzi.

Aliniuliza mimi kwa sababu nilisomea biashara. Gofu nilikuwa naiona kwenye televisheni tu.

Wazo lenyewe si la kuchekwa. Karagwe na Kyerwa hatuna soko la gofu, lakini tumepakana na wenye nalo. Kutoka daraja la Murongo hadi Mbarara ni chini ya kilomita 100, na pale uwanja upo. Kigali, uwanja wa zamani ulisukwa upya na kampuni ya Gary Player wa Afrika Kusini, ukafunguliwa mwaka 2021 ukiwa na mashimo 18. Wanaocheza huko ni watu wa fedha. Swali la safu hii ni moja: je, fimbo hiyo ina thamani inayotangazwa?

Fimbo inayozungumzwa wachezaji huiita wudi, kwa maana ya mti. Ni ile ya kupiga mpira mbali ukiwa umelala kwenye majani mafupi, baada ya pigo la kwanza. Zamani kichwa chake kilikuwa cha mti kweli, hasa mpersimoni wa Marekani. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ilianza kuuza vichwa vya chuma, na baada ya muda mti ukaisha sokoni, jina likabaki. Namba tatu uso wake umelala kama nyuzi 15, namba tano kama 18, namba saba kama 21. Kadiri uso unavyolala ndivyo mpira unavyopaa kwa urahisi.

Msomaji aangalie jambo ambalo matangazo hayalikuzi. Uso wa chuma chembamba hurusha mpira kama chaga za kitanda cha chemchemi, na mrusho huo una kikomo cha kisheria. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kiliuwekea kipimo mwaka 1998, na leo kinasimamia kanuni za vifaa pamoja na R&A ya Scotland. Fimbo inayozidi kipimo hairuhusiwi mashindanoni. Kwa hiyo watengenezaji wakubwa wamekuwa wakisukumana kwenye dari hilohilo kwa zaidi ya miaka 20. Kilichobaki cha kuboresha ni kusogeza uzito chini ya kichwa, na kupunguza hasara ya pigo lililokosa katikati ya uso. Ni maboresho ya kweli, lakini mnunuzi akiambiwa kwamba toleo la mwaka huu linaongeza mita kumi juu ya la mwaka juzi, aombe kwanza kuona zilipopimwa.

Mita hizo kumi nilizikuta Mbarara. Rafiki wa mfanyabiashara wetu alileta fimbo ya mfano, na karatasi ya vipimo alivyopigia yeye mwenyewe Dar es Salaam kwa fimbo yake ya zamani. Ile mpya ikapigwa Mbarara, ikaizidi karatasi kwa mita nane hadi kumi. Watu wakapiga makofi. Lakini Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na Mbarara iko karibu mita 1,400 juu yake. Huku juu hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira sana. Kwa kimo hicho umbali huongezeka kwa karibu asilimia tano. Mpira wa mita 180 pwani unakuwa karibu mita 190 Mbarara, kwa fimbo yoyote ile. Nyongeza iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa ya mlima.

Tukaomba fimbo zote mbili zipigwe palepale, mtu mmoja, mipira ya aina moja, kumi kwa kila fimbo. Pigo refu kuliko yote lilitoka kwenye mpya. Lakini mipira iliyobaki kwenye majani mafupi ilikuwa sita kwa fimbo ya zamani na minne kwa mpya. Kedi aliyekuwa akiokota mipira alisema pasipo kuulizwa kwamba mpini wa fimbo mpya ni mgumu mno kwa mkono wa mzee yule. Hilo kwa maoni yangu lina uzito kuliko karatasi yote. Mipini hutofautiana kwa ugumu, na mtu wa mkono wa kushoto anataka fimbo yake peke yake. Fimbo 20 za mpini mmoja ni sawa na jozi 20 za viatu vya namba moja.

Sasa hesabu. Fimbo za namna hii za kampuni kubwa zimekuwa zikiuzwa Marekani kwa dola 350 hivi. Tukikadiria dola kwa Sh 2,500 ni Sh 875,000. Ikitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, inafika Sh 1,093,750. Weka VAT ya asilimia 18, ambayo ni ileile Tanzania, Uganda na Rwanda, unapata Sh 1,290,625. Mara 20 ni zaidi ya Sh milioni 25.8, na nauli bado. Wakala wa kampuni hununua kwa bei ya chini kuliko hiyo. Mtu wa Omurushaka asiye wakala hapewi. Tena makampuni haya hutoa toleo jipya kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na la zamani hushushwa bei hukohuko Marekani. Maharage yakikosa mnunuzi mtayala.

Ushauri niliompa ni kwamba kama anataka kuijaribu biashara hii, alete mbili au tatu kwa oda ya mchezaji aliyekwisha kuzipiga na kulipa malipo ya awali, tena za toleo lililopita. Namba tano na saba zitauzika upesi kuliko tatu, kwa kuwa wachezaji wa mwisho wa wiki wengi hawawezi kuupaisha mpira kwa nyuzi 15. Kuhusu butura nilimwambia asiiguse. Bei ya kahawa itakayokuwapo mnadani haijui yeye wala anayemkopesha, ila anayemkopesha amekwisha kujikinga.

Fimbo ya mfano imerudishwa. Oda iliyopo mpaka tunakwenda mitamboni ni moja, namba saba, mkono wa kulia, mpini laini. Fedha zilizobaki amenunulia turubai za kuanikia, Kayanga.