Tuandike Kasoro Kama Zilivyo

Jioni ya tarehe 5 Januari 2024, ndege ya shirika la Alaska Airlines aina ya Boeing 737-9 iliondoka Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, ikielekea Ontario katika jimbo la California. Ilichukua abiria 171 na wafanyakazi 6. Dakika chache baadaye, ikiwa ingali inapanda, kipande cha ubavu wake wa kushoto kilichomoka kikaanguka chini, na pakabaki tundu la ukubwa wa mlango. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu viti viwili vilivyokuwa karibu kabisa na tundu hilo havikuwa na watu. Rubani aliirudisha ndege Portland na hakufa hata mtu mmoja.

Msomaji wa Mkoani au wa Mkokotoni ana haki ya kuuliza mambo ya Oregon yanamhusu nini. Yanamhusu, kwanza, kwa kuwa sisi wa visiwani hatuna barabara ya kutokea. Kila tunapovuka, twavuka kwa chombo kilichoundwa na kukarabatiwa na mikono ya watu tusiowaona. Na shirika letu la Air Tanzania lilipokea ndege yake ya kwanza ya aina hiyo ya 737-9 mwaka 2023. Pili, na hili ndilo tunalokusudia kulizungumza kwa kirefu leo, uchunguzi ulidhihirisha kuwa chuma hakikuchoka na rubani hakukosea. Kilichokosekana ni mstari mmoja ambao haukuandikwa katika kompyuta ya kiwanda.

Ndege za 737-9 huundwa zikiwa na nafasi ya mlango wa ziada wa dharura. Shirika lenye viti vichache halihitaji mlango huo, hivyo nafasi yake huzibwa kwa kizibo kilichofanana na mlango, ambacho abiria aliye ndani hukiona kuwa ni ukuta na dirisha kama madirisha mengine. Kizibo hutegemea vishikizo 12, na bolti 4 ndizo zinazokizuia kisisogee juu na kuchomoka katika vishikizo hivyo. Kiwiliwili cha ndege tunayoisimulia kilitengenezwa na kampuni ya Spirit AeroSystems mjini Wichita, kikafika katika kiwanda cha Boeing cha Renton tarehe 31 Agosti 2023. Siku ya pili yake iliandikwa kasoro: ribiti 5 zilizo kando ya kizibo zilikuwa na hitilafu. Kasoro hiyo iliandikwa ipasavyo. Lakini ili mafundi wazifikie ribiti ilibidi kizibo kifunguliwe, na ili kifunguliwe ilibidi bolti zote 4 zitolewe. Kazi ya ribiti ikafanyika, kizibo kikarudishwa mahali pake. Picha iliyopigwa kiwandani tarehe 19 Septemba, ambayo wafanyakazi walitumiana kwa shughuli nyingine kabisa, yaonesha mahali 3 pa bolti pakiwa patupu. Pa nne palifunikwa na vitambaa vya kuzuia baridi. Ndege ikakabidhiwa kwa wenyewe tarehe 31 Oktoba.

Kanuni ya kiwanda ilikuwapo, tena nzuri. Kitu kilichokwisha kufungwa na kukaguliwa kikitolewa, sharti kuandikwe katika rekodi rasmi kwamba kimetolewa, na maandishi hayo yenyewe ndiyo yanayomwita mkaguzi aje atazame kitakaporudishwa. Kando ya rekodi hiyo rasmi palikuwa na programu ya pili, ambamo mafundi wa pande mbili walikuwa wakiulizana na kujibizana juu ya kazi zinazoendelea. Habari za ribiti zilizungumzwa humo siku nyingi. Katika rekodi rasmi ribiti zimo. Kutolewa kwa kizibo hakumo. Na kwa kuwa hakumo, hakuna mkaguzi aliyeitwa kuzitazama bolti, kwani kwa mujibu wa kompyuta bolti hazikupata kuguswa. Fundi aliyekuwa na uzoefu wa kazi hiyo ya vizibo alikuwa likizoni. Nani hasa aliyekifungua kizibo, wachunguzi hawakuweza kumjua. Bodi ya Marekani ya Usalama wa Usafiri, katika uamuzi wake wa Juni 2025, haikumtwika mzigo huo fundi. Iliutwika uongozi wa kampuni kwa kushindwa kuwapa wafanyakazi mafunzo, maelekezo na usimamizi wa kutosha juu ya utaratibu wa kutoa vifaa.

Mbele ya wachunguzi pakazuka suala la lugha: je, kizibo kilitolewa, au kilifunguliwa tu? Mwenye kusema kilifunguliwa huweza kujitetea kwamba hakutoa kitu, na kwa hiyo hakuwajibika kuandika. Kwa Kiswahili mzozo huu ungekuwa mwepesi, maana fundi wetu akisema ameifungua nati, kila mtu anaelewa kwamba nati ile imo mkononi mwake. Lakini tusijisifu mapema. Nasi tuna maneno yetu yanayoficha.

Hapana budi tueleze nambari za kasoro ni kitu gani, kwani ndizo zinazobeba maneno hayo. Kiwanda kikubwa, kiwe cha magari au cha mabati, hakiwezi kumwachia kila mkaguzi aandike atakavyo. Mmoja ataandika "imekwaruzwa", mwingine "rangi imetoka", wa tatu "mbaya". Ikifika mwisho wa mwezi hakuna awezaye kuhesabu. Kwa hiyo hutungwa orodha: kila aina ya kasoro ina nambari yake, na kila aina ya tengenezo ina yake, kama kubadilisha kifaa, kukaza, kuchomelea upya, au kukiacha kama kilivyo kwa idhini maalumu. Mkaguzi huchagua nambari katika kompyuta, na fundi naye huchagua yake anapomaliza. Faida ya kwanza ni hesabu. Faida ya pili ndiyo kubwa, ingawa husahauliwa na wanunuzi wa programu: nambari iliyochaguliwa ndiyo inayoamua nani aitwe, nani atie saini, na chombo kisimame au kiendelee. Mwenye kutunga orodha, kwa hakika, ametunga sheria.

Ushahidi mwingine watoka kwa General Motors. Magari yake ya aina ya Chevrolet Cobalt na Saturn Ion yalikuwa na swichi ya ufunguo iliyo legevu. Dereva akiigusa kwa goti, au funguo zikiwa nzito, swichi ilirudi nyuma, injini ikazimika njiani, na mifuko ya hewa ya kumkinga mtu katika ajali ikawa haifanyi kazi. Malalamiko yalipokelewa, yakaandikwa, yakapewa daraja. Daraja lenyewe lilikuwa la usumbufu kwa mteja, wala halikuwa la usalama. Na jambo lililokwisha kuwekwa katika kapu la usumbufu hushughulikiwa kwa mwendo wa usumbufu. Mwaka 2006 swichi ikarekebishwa kimyakimya, lakini kifaa kipya kikaachiwa nambari ileile ya kifaa kibovu. Tangu hapo, aliyetazama rekodi aliona kifaa kimoja tu, na waliojaribu kuelewa kwa nini magari ya miaka ya nyuma yanaua kuliko ya miaka ya mbele walitaabika muda mrefu. Magari yapatayo milioni 2.6 yalianza kuitwa yarudi mwaka 2014. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 900. Hapo ndipo penye gharama ya kudumisha nambari moja ambayo ilipasa kufutwa, na kuacha kutoa nyingine ambayo ilipasa kutolewa.

Tuje nyumbani. Katika karakana moja, ambayo hatutaitaja, tulioneshwa daftari la matengenezo. Upande wa kushoto, kurasa kwa kurasa, limeandikwa "mashine mbovu". Upande wa kulia "imetengenezwa". Tuliuliza pampu fulani imekufa mara ngapi mwaka huo, na kwa sababu gani. Daftari halikujibu. Alijibu fundi mkuu, kwa kichwa chake, bila kusita, pamoja na sababu ya kila mara moja. Mzee huyo amebakiza muda mfupi kustaafu. Siku atakayoondoka, karakana itabaki na mashine na daftari, na elimu yote itakuwa imekwenda zake nyumbani pamoja naye.

Dawa inayopendekezwa siku hizi ni kununua programu ya kompyuta, nasi hatuipingi. Tunachokihofia ni namna ya kununua. Programu huja kutoka ng'ambo ikiwa na orodha yake, mamia ya nambari kwa Kiingereza, zilizotungwa kwa kiwanda kisicho na chumvi ya bahari wala umeme wa kukatika. Fundi aliyesimama na mikono ya girisi, foleni ya kazi ikimngoja, hatazisoma zote. Atachagua ya kwanza ionekanayo, au atakimbilia ile ya mwisho iitwayo "mengineyo". Baada ya mwaka, mkurugenzi ataletewa mchoro wa rangi unaosema kuwa kasoro kubwa ya vyombo vyetu ni "mengineyo". Atashukuru, ataufungia kabatini, na fedha za umma zitakuwa zimekwisha kulipwa.

Wenzetu wa baharini walikwisha kulitambua jambo hili. Chini ya mapatano ya Paris ya mwaka 1982, wakaguzi wa bandari za Ulaya wanaopanda meli za kigeni huandika kasoro kwa nambari, na kando yake nambari ya hatua iliyochukuliwa. Nambari 10 ina maana kasoro imekwisha kurekebishwa. 17, irekebishwe kabla meli haijaondoka. 30, kasoro ni ya kutosha meli kuzuiliwa. Ni orodha fupi ya hatua, na nahodha yeyote anajua 30 inamgharimu nini. Tanzania ni mwanachama wa mapatano ya namna hiyo ya nchi za Bahari ya Hindi. Lakini mapatano hayo yanahusu meli za kigeni. Vyombo vinavyopita kila siku baina ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam ni amana yetu wenyewe.

Hatusemi kwamba misiba yetu ililetwa na daftari. MV Spice Islander I, iliyozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, ilibeba watu kupita kiasi kilichoruhusiwa, na hilo lajulikana. Lakini hesabu ya waliokuwamo ilibishaniwa muda mrefu, maana orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda, na kuna familia zilizotafuta majina ya wapendwa wao katika karatasi wasiyaone. Hali kadhalika wananchi wa Unguja wanakumbuka giza la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika miezi mitatu na maji nayo yakaadimika kwa kuwa pampu zinategemea umeme huo huo. Mahali palipo na njia moja tu ya umeme na njia moja tu ya kuvukia, kasoro ndogo isiyoandikwa haina pa kukimbilia.

Kwa hiyo tunawaomba watendaji wa wizara na mashirika yanayohusika mambo machache, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kabla zabuni ya programu yoyote ya matengenezo haijatangazwa, mafundi wenyewe wakalishwe pamoja, wa bandarini, wa umeme na wa maji, kila kundi liandike kwa Kiswahili kasoro wanazokutana nazo na kazi wanazozifanya. Orodha iwe fupi kiasi cha kusomeka kwa mtu aliyesimama. Awepo ofisa mmoja kwa jina, ambaye peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kuongeza nambari au kuifuta, na nambari iliyofutwa isipewe kasoro nyingine kamwe. Kila robo mwaka ofisa huyo asome yote yaliyoangukia katika "mengineyo", akawaulize walioandika walikusudia nini. Na neno "imetengenezwa" liondolewe katika madaftari yetu, mahali pake paandikwe kilichofanyika: kimebadilishwa, kimekazwa, kimetolewa na kurudishwa, na nani aliyekitazama baada ya hapo.

Lipo jambo moja gumu zaidi ya hayo, nalo li mikononi mwa viongozi. Karakana ikianza kuandika kwa uaminifu, hesabu ya kasoro itapanda mwaka wa kwanza. Yaweza kupanda mara mbili. Kiongozi atakayeitazama hesabu hiyo na kumwita meneja kumkaripia, mwaka wa pili ataletewa hesabu nzuri sana, na vyombo vitakuwa vilevile. Tungependa kusikia katika Baraza la Wawakilishi, ripoti za namna hiyo zitakaposomwa, mjumbe akisimama na kuuliza karakana fulani imewezaje kupitisha mwaka mzima bila ya kasoro hata moja.