Viti vinne vya loji hatuvitaki

Wandugu, tuliahidi kuandika juu ya habari ya tiketi kabla maneno hayajazidi kwenye grupu la WhatsApp. Sasa yamezidi. Kuna anayesema tumekataa bahati. Kuna anayesema tuna kiburi cha maskini. Na kuna mmoja, saa sita usiku, aliandika maneno mawili tu: "Mkimbizi hachagui." Hayo mawili ndiyo yametufanya tukae chini tuandike kwa urefu.

Kwa ambao hawakuwepo: ofisi moja inayofanya kazi na vijana ilituletea zawadi ya mechi pale Amahoro. Viti vinne ndani ya loji, yaani vile vyumba vya juu vyenye kioo, makochi, chakula na vinywaji. Wanne wetu wavae tisheti zenye nembo, wapigwe picha, wasalimiane na wageni. Masharti yalikuwa mawili: wawe wanajua Kiingereza vizuri, na wawe "wasafi". Sisi tuko zaidi ya hamsini. Tulijibu kwa heshima, tukashukuru, tukaomba thamani ya viti hivyo vinne igeuzwe tiketi za kawaida ili twende wengi. Mpaka leo jibu halijaja. Majibu ya kwetu wenyewe ndiyo yamekuja, tena makali.

Basi na sisi tuseme wazi. Viti vya loji hatuvitaki, na hata jibu likija kwamba ni hivyo au hakuna, tutasema hakuna.

Tuanze na jina la hapo tunapotaka kukaa. Mtu wa Dar es Salaam anasema anakaa mzunguko. Kinshasa, kwenye Stade des Martyrs, wanasema pourtour. Hapa Kigali tangazo la mechi likitoka linataja VVIP na bei yake, VIP na bei yake, kisha linamalizia kwa Kinyarwanda: ahasigaye hose. Yaani kwingine kote kulikobaki. Hebu fikirieni. Amahoro baada ya ukarabati uliomalizika 2024 unaingiza watu 45,000. Ondoa loji, ondoa VIP zote, bado makumi ya maelfu wamekaa "kulikobaki". Ni kama mama aandike menyu: chumvi, pilipili, na vilivyobaki vyote. Vilivyobaki ndiyo ugali!

Sasa hoja za wenzetu. Ya kwanza ni ya mvua. Eti loji ina paa. Huyo aliyesema hivyo hajaenda Amahoro tangu ilipofunguliwa upya Julai 2024. Ule wa zamani, ndiyo, ulikuwa na paa upande wa wakubwa tu, wengine mnalowa. Siku hizi paa limezunguka uwanja wote na wa bei ya chini hanyeshewi. Nyamirambo ni habari nyingine. Ule uwanja uliopewa jina la Pelé Machi 2023 bado una paa kwenye jukwaa kuu peke yake, na ambaye amekaa ng'ambo mwezi wa nne anajua tunachosema. Mechi ingekuwa Nyamirambo, hoja ya mvua tungeipokea. Lakini ni Remera, kwa hiyo tuiache.

Ya pili: "Kule juu mtu anaona vizuri." Anaona nini? Loji haikuanzishwa ili mtu aone mpira. Uwanja wa Astrodome, Houston, ulifunguliwa 1965 ukiwa na vyumba vya namna hii vya kuuzia kampuni na matajiri. Katikati ya miaka hiyo ya sitini Old Trafford nao waliweka vyao, wakijiandaa na Kombe la Dunia la 1966. Hesabu yake ni rahisi: kampuni inanunua chumba, inakaribisha wateja wake, wanakula, wanaongea biashara, na mechi inakuwa pambo la nyuma, kama redio kwenye saluni. Novemba 2000 Roy Keane, nahodha wa Manchester United, alichoka na ukimya wa uwanja wake mwenyewe. Akalalamika hadharani kwamba baadhi ya wanaokuja pale wanakunywa, wanakula sandwichi za kamba, na uwanjani hawajui kinachoendelea. Waingereza mpaka leo wanatumia hizo sandwichi za kamba kama tusi. Na Keane hakuwa mkimbizi wala maskini. Alikuwa mtu wa kazi aliyetaka kusikia sauti akiwa kazini.

Ya tatu ni ya wenzetu wanaosoma uchumi, na ni nzito kidogo. Wanasema loji ndizo zinazolipia viti vyetu vya bei rahisi, tajiri akitoa malaki kule juu, mnyonge anaingia kwa elfu chache. Ingekuwa inaenda hivyo kila mahali, tungenyamaza. Rio de Janeiro, ndani ya Maracanã, kulikuwa na sehemu iliyoitwa geral, watu wanasimama karibu kabisa na kiwanja kwa bei ambayo muuza karanga anaiweza. Ilifungwa 2005. Viti vikawekwa, uwanja ukawa wa kisasa, bei ikapanda, na yule muuza karanga akabaki nje na karanga zake. England nako wenye timu walijenga maloji na bado tiketi ya mtu wa kawaida ikazidi kupaa. Tarehe 6 Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walisimama dakika ya 77 wakatoka uwanjani, kwa sababu klabu ilitaka kuuza tiketi ya pauni 77. Timu ilikuwa inaongoza mbili bila. Ikamaliza mbili mbili. Siku chache baadaye wenye klabu wakaomba radhi na kuifuta ile bei. Kwa hiyo kiti cha bei rahisi kilikingwa na watu waliokuwa wamekikalia. Hatujasikia kwamba watu wa loji waliwahi kutoka dakika ya 77 kwa ajili ya mtu yeyote.

Mnaopenda Bundesliga mnajua mambo ya Dortmund. Jukwaa lao la kusini linabeba watu zaidi ya 24,000 wakiwa wamesimama, na ndilo linalopigwa picha na dunia nzima. Hakuna anayesafiri kwenda Dortmund kupiga picha ya loji.

Sasa rudini hapa kwetu, kesho yake ya ile mechi ya Liverpool. Tarehe 7 Februari 2016, fainali ya CHAN, Amahoro hiihii. Kongo tatu, Mali sifuri. Meschack Elia mawili, Bolingi moja. Wengi wetu tulikuwa watoto, wengine bado tuko kambini, Kiziba au Gihembe, ile Gihembe iliyofungwa 2021. Lakini kaka zetu waliokuwepo, ukitaka wakuhadithie, usiwaulize fainali. Waulize robo fainali, tarehe 30 Januari. Leopards dhidi ya Amavubi, wenyeji, uwanja umejaa. Kongo ikashinda 2-1 baada ya dakika za nyongeza.

Jaribuni kupima hali ya kijana Mkongo, mkimbizi, amekaa katikati ya Wanyarwanda siku hiyo. Ashangilie? Anyamaze? Yaya mmoja wetu anasema bao la pili lilipoingia aliruka kabla hajafikiri. Mzee wa pembeni yake, ana filimbi na bendera ya Rwanda mabegani, akamtazama muda mrefu, halafu akamwambia: kaa chini, unanizuia nisione timu yangu ikifungwa. Kisha akampa karanga. Basi, imeisha hapo. Hakumuuliza ana kadi gani, alikuja mwaka gani, atarudi lini kwao. Alimchukulia kama mshabiki wa timu pinzani, na huo ni ugomvi mtamu ambao mtu huupata kwa jirani yake wa kweli tu.

Sasa mweke yaya huyohuyo ndani ya loji. Kabla hajakaa ameshatambulishwa: "Huyu ni mmoja wa vijana wetu wakimbizi." Anapewa soda. Anaulizwa safari yake ilikuwaje. Anasimulia kwa Kiingereza, polepole, ile habari ambayo tumeisimulia kwenye fomu mpaka tumeichoka, na huku nyuma ya kioo kona inapigwa na yeye haioni. Kule juu tungekuwa wakimbizi wanne dakika tisini nzima, na nyongeza. Sisi tunatafuta mahali pa kupumzika kidogo na hilo neno, hata kwa jioni moja.

Kuna jambo lingine tunalisema kwa sauti ya chini. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Amahoro ilikuwa chini ya askari wa Umoja wa Mataifa, na maelfu ya watu walikimbilia humo. Walilala chini ya majukwaa, kwenye ngazi, popote. Hatutaki kuuchukua uchungu wa wenyeji wetu tuufanye hoja ya tiketi, hilo litakuwa kosa. Tunataja tu kwa sababu yule aliyeandika "mkimbizi hachagui" anaongea kama ambaye mkimbizi na huo uwanja ni vitu vilivyokutana jana. Hivyo viti vya chini mnavyovionea aibu, watu wa nchi hii wanajua vizuri ni nani alishawahi kukaa hapo.

Tunabaki na hoja moja ambayo hatuwezi kuicheka. Dada mmoja aliandika: "Ninyi mnaongea habari ya kelele na karanga, mimi natafuta stage. Kule juu kuna mkurugenzi. Salamu moja inaweza kubadilisha maisha yangu." Dada, una haki. Mji huu kazi nyingi zinapita kwenye kujuana, na sisi hatujuani na mtu. Ukiipata hiyo salamu kwa njia yako, nenda, tutakupigia pasi hiyo tisheti.

Lakini tuulizane kidogo. Wanne hao ni nani? Ni walewale. Waliosoma shule nzuri kidogo, wenye Kiingereza, waliokwisha kwenda kwenye semina tatu na wana picha na mabalozi. Anayeuza nguo Kimironko kuanzia asubuhi, anayeongea Kiswahili cha Uvira na Kinyarwanda cha sokoni, hata angekaa humu miaka kumi hachaguliwi. Halafu lile neno "wasafi". Tulilisoma mara nyingi tukitafuta namna ya kulielewa vizuri, hatukuipata. Na mkurugenzi akitaka kumjua kijana anayetafuta stage, si anajua tunapokutana? Kila Jumamosi, mlango uko wazi, viti ni vya plastiki, vinatosha. Au ashuke yeye aje ahasigaye hose. Ngazi ni zilezile, zinapanda na kushuka.

Tuna wawili ambao kwao kiti si mchezo. Mmoja anatembea na magongo, na hatukubali abebwe mgongoni kama mzigo eti tuonekane tumeungana. Yeye tutauliza mapema kuhusu nafasi za watu wenye ulemavu na mlango wa kuingilia. Huyo tutamlipia hata ikizidi bei, na atakwenda na mtu mmoja amchague mwenyewe. Wa pili wamesema wasichana wetu, zaidi ya mmoja: msongamano wa mlangoni, mikono ya watu. Hilo halitibiwi na loji ya watu wanne. Linatibiwa na sisi wavulana kuacha kukimbilia mbele kama mbuzi. Wasichana wataingia katikati ya kundi, watakaa katikati, na tutatoka pamoja baada ya watu kupungua. Atakayeona huko ni kuchelewa, aende peke yake.

Mpango basi. Ofisi ikikubali kubadilisha, vizuri, tutawashukuru hapahapa. Isipokubali, tunachanga faranga 500 kila Jumamosi kuanzia wiki hii, na asiyekuwa nazo anamwambia mtunza hazina pembeni, si kwenye grupu. Tiketi zinanunuliwa kwa simu, kwa hiyo ambaye laini yake haiko kwa jina lake asihangaike, itanunuliwa pamoja na za wengine. Tunalenga Rayon na APR. Tunakutana gare ya Remera saa saba kamili, tunatembea kwa miguu, hakuna moto. Chakula kila mtu ale kwao kabla. Wa bluu avae bluu, wa nyeusi na nyeupe avae yake, na hao ndugu wawili wa Gikondo tunawaomba mapema wasikae kiti kwa kiti.