Chumvi inayovuka Malaba ni dawa, ipimwe kama dawa

Akina mama wa Wanale hushuka mlima alfajiri wakiwa na kabichi, vitunguu na ndizi kichwani. Wakishauza sokoni Mbale, hupanda tena na sabuni, mafuta na chumvi. Chumvi hiyo haikuchimbwa Uganda. Sehemu kubwa ya chumvi ya kula inayouzwa Mbale na Jinja hutoka kwenye mabwawa ya maji ya bahari katika pwani ya Kenya, ikapakiwa kwenye malori, ikavuka Malaba au Busia. Aliyeivusha ni wewe, msomaji wetu.

Leo gazeti hili linataka kuzungumza nawe juu ya kitu kilichomo ndani ya gunia hilo ambacho hukioni wala hukionji: madini joto, au ayodini kama wengine wanavyoyaita.

Mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, kila binadamu ana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Tezi hiyo hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo, ukuaji wa mtoto na ujenzi wa ubongo wake. Madini yakipungua, ubongo huiamuru tezi iongeze kazi. Tezi hutanuka ili inase kila chembe inayopita, na huo ndio uvimbe tunaouita rovu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70, hayafiki gramu nne. Lakini kwa kukosa gramu hizo, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa kabla hata hajaonja chumvi.

Milima ndiyo makao ya rovu. Mvua za karne nyingi huosha udongo wa miteremko na kuyapeleka madini joto bondeni na hatimaye baharini. Anayekula kilichoota mlimani peke yake hula chakula kilichopungukiwa. Ndiyo maana nchi zetu ziliamua kuyarudisha madini hayo kwa njia ya chumvi, kwa kuwa maskini na tajiri wote huila. Kenya iliifanya kuwa lazima mwaka 1978. Uganda na Tanzania zilifuata katikati ya miaka ya 1990.

Je, imesaidia? Ndiyo, ila polepole. Watafiti walipopapasa shingo za watoto wa shule katika wilaya sita za Uganda mwaka 1999, waliona rovu kwa takriban asilimia 60 yao. Mwaka 1991 ilikuwa takriban asilimia 74. Utafiti huohuo wa 1999 ulipopima mkojo wa watoto, ulikuta jambo la pili: wengi walikuwa wanapata madini ya kutosha, na baadhi walikuwa wanapata kupita kiasi.

Hilo la pili ndilo linalotupasa kulifikiria. Tumezoea kuambiwa kwamba chumvi isiyo na madini joto ni mbaya, na hilo ni kweli. Tunachokisahau ni kwamba chumvi iliyozidishiwa nayo ina madhara. Mtu aliyeishi na rovu miaka mingi huwa na vinundu ndani ya tezi yake. Vinundu hivyo vikimiminiwa madini mengi ghafla, vinaweza kutoa homoni bila breki: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mwili unakonda huku mtu anakula vizuri. Mwaka 1996 madaktari waliripoti wagonjwa wa namna hiyo Kivu, mashariki mwa Kongo, na habari kama hizo zilikuwa zimetoka Zimbabwe. Gunia moja lina madini haba na la pili limezidishiwa, na vyote viwili hutokana na kutopima.

Kongo ina funzo jingine kwetu. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 waligundua kwamba rovu lilijaa zaidi upande wa kaskazini kuliko kusini, ingawa madini joto yalikuwa haba pande zote. Sababu mojawapo ilikuwa muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kunasa madini joto. Kwa hiyo chumvi peke yake haimalizi habari. Chakula kina sehemu yake, na damu ya ukoo ina sehemu yake. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kununua chumvi duka moja, mmoja akavimba shingo na mwingine asivimbe, na ndiyo maana wanawake huvimba zaidi kuliko wanaume.

Hapa ndipo utafiti wa kliniki na wa vinasaba unapohitajika, tena ufanyike hapahapa. Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha matokeo ya kuchunguza vinasaba vya watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda. Waliona kwamba tofauti fulani ya kurithi katika damu, ambayo ni ya kawaida kwetu, inahusiana na majibu ya kipimo kinachotumika duniani kote kutambua kisukari. Maana yake ni kwamba majibu yanayosomwa kwa vigezo vya Ulaya yanaweza kumpotosha daktari wa Jinja. Kisukari ni ugonjwa wa homoni, na rovu pia. Ikiwa kipimo cha kwanza kina kasoro hiyo, hatuna sababu ya kuamini kwamba vipimo vya tezi vitatufaa bila kuvihakiki kwa watu wetu.

Tuseme pia juu ya saratani, maana wengi wakiona uvimbe shingoni hufikiria hiyo kwanza, na wengine huogopa kwenda hospitali kabisa. Rovu nyingi si saratani. Lakini kinundu kigumu kinachokua haraka, sauti inayokwaruza bila mafua, au shida ya kumeza, ni dalili za kumwona daktari mara moja. Katika maeneo yenye upungufu wa madini joto, saratani ya tezi inayoonekana kwa wingi kiasi si aina ileile inayotawala mahali penye madini ya kutosha, nayo hupenda kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye mifupa na mapafu. Kuitambua kunahitaji picha ya mawimbi ya sauti, sindano ya kuchukua chembe, na mtaalamu wa kuzisoma.

Wapo watakaosema utafiti wa namna hii ni wa nchi tajiri. Historia ya Jinja inawakanusha. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona Mulago mtoto mwenye uvimbe wa ajabu wa taya. Muda mfupi baadaye akaona mwingine hospitali ya Jinja, akaanza kujiuliza. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walinunua gari lililotumika, wakazunguka hospitali za Afrika Mashariki na Kati kwa wiki kumi wakiuliza swali moja: mmeuona uvimbe huu? Walichora ramani, wakaona kwamba uvimbe ule haupandi nyanda za juu zenye baridi. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1964 kilipatikana kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ramani ile isingechoreka ndani ya nchi moja.

Rovu nalo linahitaji ramani yake, na mlima Elgon una pande mbili. Mgonjwa wa Wanale na mgonjwa wa Bungoma hula chumvi ya lori moja, lakini mmoja huandikwa Mbale na mwingine Kenya, na madaftari hayo hayakutani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Tume ya Utafiti wa Afya yenye makao Bujumbura. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago tangu 1967, imeteuliwa kuwa kituo bora cha kanda kwa saratani. Tunaziomba zianze na jambo dogo: daftari moja la magonjwa ya tezi kwa hospitali za pande zote mbili za Elgon, likieleza mgonjwa anakula nini, chumvi yake inatoka wapi, na ndugu zake wana hali gani.

Tunajua mfanyabiashara mdogo atatujibu: kipimo kingine mpakani ni kisingizio kingine cha kunisimamisha. Ana haki ya kuhofu. Anayevusha magunia matatu hana siku mbili za kusubiri maabara, na akisumbuliwa sana atatafuta njia ya panya, na chumvi ya njia ya panya haipimwi na yeyote. Kwa hiyo hatuombi foleni mpya. Sheria ya viwango ya Jumuiya inataka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe na nchi nyingine. Chumvi ipimwe kiwandani, kwa kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki, haba isitoke na iliyozidi isitoke. Ikifika Malaba, alama itoshe. Wakaguzi wachukue sampuli madukani, si kwenye mgongo wa mama aliyebeba gunia.

Nawe mfanyabiashara una sehemu yako. Usinunue chumvi isiyo na alama, hata ikiwa nafuu. Chumvi ya mifugo usiifungashe upya kwa ajili ya jikoni. Gunia usiliache juani wala kwenye unyevu, maana jua na maji huondoa madini joto hata kama kiwandani yaliwekwa sawasawa. Chama chenu kinaweza kununua kichupa cha kupimia: matone machache juu ya chumvi, ikigeuka rangi ya buluu madini yamo. Kichupa hakitakuambia kiasi, lakini kitakuambia kama umeuziwa uongo.

Mama wa Wanale hana maabara. Analipa fedha zake na kubeba anachopewa, kisha anampikia binti yake mjamzito. Kilichomo ndani ya pakiti ile ni dhamana ya kiwanda, ya serikali mbili, na yako wewe uliyeivusha.